Umepata fildi (mafunzo kwa vitendo) na kampuni inakuzungusha idara hadi idara? Usiombe ubaki sehemu moja (uzi mrefu kidogo)

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Leo mchana kijana wetu wa fildi, ana wiki ya pili tu kazini, alikuja mezani kwangu na ratiba yake mkononi. Kwa adabu kabisa akasema: "Dada, shikamoo. Mimi nasomea uhasibu. Naomba wiki ijayo nisipelekwe stoo, nibaki hapa hapa mpaka nimalize." Nikamvutia kiti, tukaongea karibu nusu saa. Nimefika nyumbani bado maongezi yale yananizunguka kichwani, na kwa kuwa huu ndio msimu wa fildi, najua wapo wengi humu wenye ombi kama lake. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Nianze na ya kwangu. Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili, nasoma uongozi wa biashara. Nilizungusha barua za chuo kwenye kampuni kumi na moja. Nyingi niliishia kwa mlinzi getini, anapokea bahasha, anaiweka juu ya nyingine, basi. Kampuni moja tu ndiyo ilinipigia. Wasambazaji wa sabuni, mafuta ya kula na vyakula vya pakiti, ghala lao liko pembeni ya Barabara ya Nyerere. Nilikuwa nakaa Mbagala Rangitatu, magari mawili kwenda na mawili kurudi, nauli 400 kila gari wakati ule. Hela ya Bodi ya Mikopo ya mafunzo kwa vitendo ilikuja nikiwa nimeshakopa nauli ya wiki tatu kwa shangazi.

Siku ya kwanza afisa utumishi akanipa karatasi: stoo wiki mbili, manunuzi wiki moja, mauzo wiki mbili, uhasibu wiki mbili, utumishi wiki moja. Jumla nane. Nilivyoona stoo imetangulia roho iliniuma. Nilikuwa nimenunua viatu vya kisigino na blauzi mbili nikijua nakwenda kukaa kwenye kompyuta.

Naendelea hapa chini, msichangie kwanza tafadhali.

#2 Mleta uzi

STOO.

Mtunza stoo wetu alikuwa mzee wa makamo, sote tulimwita Mzee. Kila rafu ilikuwa na kadi imefungwa kwa uzi: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu katoni za sabuni ya mche zilizopangwa sakafuni. Nikaangalia: tano kwa upana, nne kwa kina, sita kwenda juu. Tano mara nne mara sita, mia na ishirini. Kadi nayo inasema 120. Nikaweka tiki, nikampelekea.

Mzee akaniuliza, "Umepanda?"

Nikasema sijapanda, nimezidisha.

Akaleta ngazi. "Panda, mwanangu."

Nikapanda na visigino vyangu mkononi. Ukiwa juu unaona kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa chini: katikati ya lundo kulikuwa na shimo. Mtu alikuwa ametoa katoni mbili za safu ya juu kutoka katikati badala ya pembeni, kwa hiyo kuta nne zote zimesimama kama zilivyo. Zilikuwa 118. Zile mbili tulizipata jioni ile, zilipakiwa kwenye gari asubuhi na hati yake ilikuwa bado iko mezani kwa karani, haijaandikwa kwenye kadi. Hakuna aliyeiba. Ila mimi nilikuwa nimeshasaini 120.

Darasani tulifundishwa hesabu ya mali mwisho wa mwaka kama mstari mmoja kwenye jedwali, na mtihani nilifaulu. Lakini sikuwa najua kwamba ule mstari unategemea kama mtu alipanda ngazi au hakupanda. Tangu siku ile nikiona salio la mali kwenye hesabu za kampuni yoyote, swali langu la kwanza ni nani alihesabu na alihesabu vipi.

Kitu kingine cha stoo kikumbukeni, maana kitarudi. Pale mlangoni kulikuwa na daftari la jalada la kijani. Gari likirudi na katoni zilizochanika au zilizokataliwa na mteja, Mzee anaandika humo: tarehe, mteja, bidhaa, idadi. Mwandiko wake mzuri, mistari imenyooka. Nilidhani lile daftari linasomwa na mtu.

Manunuzi nitapita haraka. Wiki moja haitoshi kuelewa kontena. Nilichoshika ni mpangilio wa karatasi: ofa za bei kutoka kwa wauzaji watatu, oda ya ununuzi, ankara, hati ya kupokelea mzigo, na kwamba malipo hayatoki mpaka oda, ankara na hati ya mapokezi zikubaliane. Ikitofautiana moja, mlipaji anasimama. Nilikaa siku mbili nabana hizo karatasi tatu tatu kwa pini, na nilikuwa naona kama nimepewa kazi ya mtoto. Siyo kazi ya mtoto. Ndiyo kufuli lenyewe la kampuni.

#3 Mleta uzi

MAUZO, halafu UHASIBU. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Wiki ya nne na ya tano nilitembea na afisa mauzo Kariakoo. Asubuhi tunapita kwa wateja wa jumla kuchukua oda, mchana tunakusanya madeni. Kuna mteja mmoja, mama wa makamo, duka lake dogo lakini lilikuwa linatoa mzigo kila siku. Tulipofika hakutaka hata kutukaribisha. Akamwambia afisa wetu: "Mwanangu, ofisi yenu inanidai hela ya sabuni ambazo nilizirudisha. Katoni tatu, zilikuja zimelowa. Nimewaambia mara ngapi? Mmenifungia mkopo, sawa. Nimehamia kwa wengine."

Afisa mauzo akaniambia njiani kwamba wateja wote husema hivyo wakidaiwa. Nikaandika kwenye logibuku yangu, lile daftari la kazi za kila siku za fildi: "mteja anakataa deni la katoni tatu." Basi.

Wiki ya sita nikaingia uhasibu. Nimefika, viatu nimerudisha, niko kwenye kompyuta kama nilivyoota. Nikapewa orodha ya wadaiwa iliyopangwa kwa umri wa deni: siku 30, siku 60, siku 90. Nikalikuta jina la duka lile. Shilingi 106,200, zimepita siku 60, mbele imeandikwa "asiongezewe mzigo".

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Katoni moja 30,000 bila kodi. Tatu ni 90,000. VAT asilimia 18 ni 16,200. Jumla 106,200. Katoni tatu kamili, hazizidi wala hazipungui.

Jamani, mikono ilinitetemeka. Nilikumbuka daftari la kijani.

Mchana nikaomba ruhusa nikashuka stoo. Mzee akanifungulia mwenyewe. Kurasa kama nne nyuma: tarehe, jina la mama yule, sabuni ya mche, katoni 3, "zimelowa". Saini ya Mzee, saini ya dereva. Nikahesabu na mistari mingine ya miezi mitatu ile, yote ilikuwa kumi na minne. Nikarudi juu kutazama akaunti za wateja wale. Hakuna hata mmoja aliyepunguziwa deni.

Naomba mnielewe hapa. Stoo waliandika ukweli, katoni zilirudi na zimo kwenye kadi. Uhasibu nao waliandika ukweli, ankara ilitoka ya kiasi kile na haijalipwa. Afisa mauzo alikuwa anafuata orodha aliyopewa. Na mama wa Kariakoo alikuwa anasema kweli kuliko wote, na ndiye aliyefungiwa. Ile nakala moja ya karatasi ambayo ilitakiwa kupanda ngazi kutoka stoo kwenda uhasibu haikuwepo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuitengeneza.

Na serikali ilishachukua chake. Risiti ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ikishatoka haifutiki, mauzo yale yaliingia kwenye ritani ya VAT (taarifa ya kodi) ya mwezi ule, na ritani inawasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo kampuni ililipa 16,200 ya kodi kwa mauzo ambayo bidhaa zake zilisharudi ndani. Mara kumi na nne, kila mara kwa kiasi chake.

Nilimpelekea mhasibu mkuu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Niitie Mzee." Niliogopa atamfokea. Hakumfokea. Alimuuliza swali moja: "Ulishawahi kuambiwa ulete hizi juu?" Mzee akajibu hapana. Wiki ile ile kikatengenezwa kitabu cha marejesho chenye nakala tatu: ya stoo, ya uhasibu, ya mteja. Zikaandaliwa krediti noti (hati za kupunguza deni) kwa wale wateja, na kodi ikarekebishwa kwenye ritani iliyofuata. Afisa mauzo alikwenda mwenyewe Kariakoo kumwomba radhi yule mama.

Wiki ya mwisho nilikuwa utumishi, na huko nikapata kipande kilichokosekana. Nilipewa fomu za saa za ziada za madereva nizijumlishe. Sheria ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu. Dereva wa njia ya Kariakoo alikuwa anarudi saa mbili usiku karibu kila siku. Uhasibu wanafunga saa kumi na moja. Sasa hata angetaka kupeleka taarifa ya marejesho juu, angempa nani? Anaacha mzigo kwa Mzee, kesho saa kumi na mbili asubuhi yuko barabarani tena.

Mhasibu wa pale alikuwa mzuri kuliko mimi mara mia. Amesoma, ana uzoefu. Ila alikuwa hajashuka stoo miaka. Mimi niliona kwa sababu tu miguu yangu ilikuwa imepita vyumba vyote vitano ndani ya wiki nane.

Ndicho nilichomwambia kijana leo. Karibuni kwa maoni.

#4 Mkaguzi

Mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na nimeguswa. Lakini sikubaliani na wewe moja kwa moja.

Mimi fildi yangu nilikaa sehemu moja tu, ofisi ya ukaguzi wa hesabu, wiki zote nane. Wiki tatu za kwanza sikuwa na faida kwa mtu yeyote. Ya nne ndiyo nikaanza kuaminiwa kulinganisha daftari la kampuni na taarifa ya benki. Ya saba nikapewa faili langu mwenyewe. Ningekuwa nimehamishwa kila wiki, ningeondoka najua majina ya idara na mahali ilipo mashine ya kutoa kopi. Wanafunzi wengi wanaozungushwa hawapewi kazi, wanapewa kiti. Mwanzo wa wiki anasalimia, katikati anaonyeshwa, mwisho wa wiki anaaga.

Wewe ulibahatika na Mzee.

#5 Mleta uzi

Mkuu, umesema jambo la kweli na silikatai. Wiki moja moja kwenye kila idara ni kupoteza muda, na mimi mwenyewe manunuzi nilitoka nimeshika kidogo sana. Kwa hapa kwetu nimeshabadilisha, kijana anapita idara tatu au nne, hakuna chini ya wiki mbili, na kila idara lazima iandike mapema kazi atakayoifanya kwa mikono yake. Idara ikishindwa kutaja kazi, simpeleki.

Na anayekwenda ofisi ya ukaguzi yuko tofauti kidogo, maana mkaguzi hata akiwa kiti kimoja anapelekewa karatasi za idara zote. Wewe ulikuwa unazunguka ukiwa umekaa. Anayekaa uhasibu wa kampuni ya kawaida anaziona karatasi zilizomfikia tu. Daftari la kijani lisingemfikia hata angekaa miaka miwili.

#6 Mtunza stoo, Mwanza

Naomba nichangie kama mtu wa stoo, maana sisi huwa hatutajwi.

Wanafunzi wa biashara wakiletwa kwetu wanakuja wamenuna. Wanajua wameadhibiwa. Nawaambia hivi: bidhaa za chakula hazitoki kwa kufuata iliyoingia kwanza, zinatoka kwa kufuata inayoisha muda kwanza. Mzigo mpya unaweza kuja na tarehe fupi kuliko wa zamani. Ukiutoa ule wa zamani kwa sababu ulitangulia, baada ya miezi mitatu unautupa ule mpya. Mwaka juzi mwanafunzi wa fildi, binti, alipanga upya rafu zangu zote za maziwa ya unga kwa tarehe za kuisha, akabandika karatasi za rangi. Nyekundu ni chini ya miezi mitatu. Watu wa mauzo wakawa wanapita asubuhi kuangalia nyekundu ziko wapi ili wazisukume. Alikaa kwangu siku kumi na nne tu, na karatasi zake bado zipo.

Dada, huyo kijana wako mlete stoo. Mwambie avae raba.

#7 Mwanafunzi mwaka wa pili

Shikamooni wote. Mimi niko fildi sasa hivi, ofisi ya usambazaji vifaa, sitataja mji. Ratiba inasema nitazunguka idara nne lakini hii ni wiki ya tatu niko masijala. Kazi ni kupokea barua, kugonga mhuri wa tarehe, kuandika kwenye rejista, kuweka kwenye faili. Nikiuliza nahama lini naambiwa subiri. Logibuku yangu kila siku inafanana na jana. Mwalimu wa chuo anakuja kunitembelea wiki ya tano. Nitamwonyesha nini?

#8 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usikate tamaa, na usiache kuulizia kuhama, ila uliza kwa maandishi mafupi kwa aliyesaini barua yako ya kukubaliwa, ukiambatanisha ile ratiba. Ukiuliza kwa mdomo kwenye korido, atakujibu kwa mdomo.

Halafu, uko masijala. Umekaa mahali ambapo kila karatasi inayoingia kwenye ile kampuni inapita mikononi mwako kabla bosi hajaiona. Kila asubuhi chagua barua moja, ya malalamiko ya mteja au ya muuzaji anayedai, na uifuate. Imeingia tarehe ngapi, imepelekwa kwa nani, imerudi lini na maelekezo gani pembeni, imejibiwa au haijajibiwa. Andika kwenye logibuku bila kunakili siri zilizomo, andika safari yake tu. Ukifika wiki ya tano utakuwa na safari za barua kama kumi na tano. Mwalimu wako hatauona tena mhuri.

#9 Afisa utumishi

Mleta uzi kagusa logibuku na siri, naomba nikazie hapo, kwa sababu mwaka jana tulilazimika kumsitisha kijana katikati ya fildi.

Usipige picha nyaraka za kampuni kwa simu yako. Usipige kabisa, hata kama ni kwa ajili ya ripoti ya chuo. Orodha ya mishahara, namba za simu za wateja, fomu za wagonjwa, vyote hivyo ni taarifa za watu, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukitaka mfano wa fomu kwa ripoti, omba fomu tupu isiyojazwa. Hakuna ofisi itakayokunyima.

Na mkiwa kwetu utumishi msikae mkisubiri tu faili za likizo. Omba uonyeshwe mshahara wa mtu mmoja, jina limefunikwa, kutoka juu mpaka chini: mshahara ghafi, makato ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 upande wake na 10 upande wa mwajiri, kodi ya mshahara (PAYE) inayotakiwa ifike mamlaka ya mapato, TRA, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, mpaka kile anachokwenda nacho nyumbani. Ukielewa karatasi moja ya mshahara, umeelewa kwa nini mhasibu na afisa utumishi wanagombana kila mwisho wa mwezi.

#10 Mchangiaji kutoka Mombasa

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu fildi tunaiita atachimenti, lakini masaibu ni yale yale. Mimi nilifanyia kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mleta uzi amepita manunuzi mbio, wacha niongeze.

Mimi nilianza idara ya nyaraka, nikaona wenzangu wa fedha wanachelewa kulipa ushuru siku mbili tatu, na kwao ni kitu kidogo, hundi inasubiri saini. Baadaye nikapelekwa bandarini kwenyewe. Hapo ndipo nilijua kontena ina siku za bure zilizohesabiwa, zikiisha kila siku ina malipo yake kwa wenye meli, na bandari nayo inahesabu gharama ya kuhifadhi. Nilisimama na karani wetu kwenye jua, dereva wa lori amelala chini ya trela tangu alfajiri, sote tunangoja saini ya mtu aliye ofisini kwenye feni. Niliporudi ofisini sikuweza tena kuona hundi ikilala mezani. Nilikuwa naibeba mwenyewe ghorofa ya tatu.

#11 Binti wa mwaka wa tatu

Naomba kuuliza jambo gumu kidogo. Kuzungushwa idara maana yake kila wiki mbili una supavaiza mpya, na kila mmoja anakujazia fomu ya alama. Mmoja wao ameanza kuniambia kwamba alama zangu "tutazungumza tukitoka kazini". Nimekaa kimya kwa sababu nimebakiza wiki mbili. Nifanye nini?

#12 Mleta uzi

Mdogo wangu, asante kwa kusema. Huna kosa lolote.

Usitoke naye. Usipande gari lake. Andika leo usiku, kwenye daftari lako binafsi na siyo logibuku, maneno aliyosema, tarehe, saa, mahali, na nani alikuwa karibu. Kama ametuma ujumbe wa simu, usiufute. Mwambie mtu mmoja mzima unayemwamini, mzazi, dada, au mlezi wa wanafunzi chuoni. Kisha mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa chuo chako, kwa maandishi. Chuo kinaweza kukuhamisha au kumtaka mtu mwingine akujazie fomu.

Na ujue hili: kutaka ngono ili kumpa mtu alama, kazi au upendeleo kwa kutumia cheo ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Wiki mbili ulizobakiza hazina thamani kuliko wewe.

#13 Afisa utumishi

Naunga mkono kila neno la #12. Na mabosi wenzangu mlio humu, fomu ya alama isijazwe na mtu mmoja peke yake. Ofisini kwangu inasainiwa na wawili, supavaiza wa idara na utumishi. Ni jambo la dakika tano.

#14 Mkaguzi

Nimerudi kusoma uzi wote upya. Mleta uzi, nabaki na msimamo wangu kuhusu wiki moja moja, ila ile ya karatasi ya nakala tatu imenikaa. Leo nilikuwa kwa mteja, nimemaliza hesabu za madeni, nikauliza marejesho yanaandikwa wapi. Mhasibu akasema, "Stoo wanajua." Nikashuka stoo.

Sitasema nilichokikuta. Ila nilipanda ngazi.

#15 Mwanafunzi mwaka wa pili

Dada, mimi yule wa masijala. Nilifanya ulivyosema, nikaanza kufuata barua. Leo nimekuta muuzaji mmoja ametuandikia mara tatu kuhusu ankara ile ile ambayo hajalipwa. Barua ya kwanza iko faili la manunuzi, ya pili iliwekwa kimakosa faili la utumishi, ya tatu iko kwa mkurugenzi haijafunguliwa hata karatasi ya maelekezo. Kila aliyepokea aliona ni barua moja tu. Ya tatu anasema atasimamisha mzigo Jumatatu ijayo.

Nimeziandika tarehe zote tatu kwenye karatasi. Nimpelekee mkurugenzi moja kwa moja? Naogopa.

#16 Mleta uzi

Hongera sana mdogo wangu, nimefurahi mpaka nimemwonyesha mume wangu.

Usiende kwa mkurugenzi. Nenda kwa msimamizi wako wa masijala, maana faili ni lake na ile barua iliyopotea njia ilipotea mezani kwake. Mfikie kabla hujamfedhehesha. Nenda kesho asubuhi mapema, kabla barua za siku hazijaanza kuingia, funga mlango, mwekee zile tarehe tatu mezani useme, "Shikamoo mama, naomba unisaidie kuelewa hii." Atakwenda yeye juu. Mwombe akuruhusu umfuate umbebee mafaili.

Jumatatu iko karibu, usilale nalo. Ukitoka huko rudi hapa utuambie.

#17 Mtunza stoo, Mwanza

Na sisi tunasubiri. Dada, yule kijana wako wa uhasibu mmeafikianaje?

#18 Mleta uzi

Ameanza stoo leo. Saa nne nimepita mlangoni, nikamkuta juu ya ngazi, amekunja mikono ya shati, anahesabu kwa sauti. Sikumsemesha, nisije nikampotezea hesabu.